Kilo Zinapimwa, Moyo Hauulizwi

Mjamzito anayefika kliniki Kipkelion, kaunti ya Kericho, iwe ni hospitali ya mjini, iwe Londiani, iwe zahanati ya upande wa Fort Ternan, hupanda mizani kabla hajaulizwa mengi. Namba huandikwa katika kijitabu cha mama na mtoto, presha hupimwa, damu hutolewa, tumbo hushikwa, vidonge vya kuongeza damu hugawiwa, na foleni husonga. Kazi hiyo imeokoa maisha ya wengi, na siiandiki hapa kuibeza. Ninachodai ni kwamba ile namba ya kilo inabebeshwa mambo isiyoyaweza. Inasomwa kama habari ya chakula peke yake, ilhali ndani yake mna kazi aliyoifanya mama shambani, usingizi alioukosa, hofu yake ya siku ya kujifungua, na amani au vita vya nyumbani kwake. Na kwa kuwa mafunzo ya kutuliza akili nayo yameanza kupigiwa debe kama dawa ya uzito wa mimba, ni vyema tujue yamethibitika kufanya nini hasa, na kwa mwanamke yupi.

Tuanze na kilo zenyewe. Mama aliyeshika mimba akiwa na uzito wa kawaida huongeza kilo 12 hivi mpaka kujifungua, na sehemu kubwa ya kilo hizo si unene. Mtoto huchukua 3 na ushei. Kondo la nyuma, maji ya uzazi na mfuko wa uzazi uliotanuka, kwa pamoja, hukaribia 2 na nusu. Damu ya mama huongezeka kwa zaidi ya kilo moja, maji ya mwilini kwa kilo moja na nusu, matiti kwa karibu nusu kilo. Mafuta yanayosalia, kilo 3 au zaidi kidogo, ni akiba ambayo mwili unaiweka kwa ajili ya kunyonyesha. Mwongozo unaotumiwa zaidi duniani ulitolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2009. Unasema mwembamba aongeze kilo 12.5 hadi 18, mwenye uzito wa wastani 11.5 hadi 16, aliyezidi uzito 7 hadi 11.5, na mnene sana 5 hadi 9. Mwaka 2017 watafiti walikusanya habari za mimba zaidi ya milioni 1.3 kutoka nchi mbalimbali wakakuta asilimia 47 ya wanawake wamepita kiwango hicho, na asilimia 23 hawakukifikia. Waliopungukiwa walielekea zaidi kuzaa watoto njiti au wadogo, na waliopitiliza walielekea kuzaa watoto wakubwa na kufanyiwa upasuaji.

Tatizo la kwanza la kuutumia mwongozo huu Kipkelion linajitokeza palepale kwenye meza ya muuguzi. Unataka ujue uzito wa mama kabla ya mimba, na wengi huja kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imetimiza miezi minne, mitano, wakati mwingine zaidi. Uzito wa mwanzo haupo popote. Kinachowezekana ni kufuatilia mwendo: baada ya miezi mitatu ya kwanza, mwenye uzito wa wastani anatarajiwa kuongeza kama gramu 400 kwa wiki. Lakini mwendo hauonekani kwa ziara moja. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 mama akutane na mhudumu mara 8 wakati wa ujauzito, na utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliwakuta theluthi mbili tu ya kina mama nchini Kenya wamefikisha angalau ziara 4.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo ni la upande upi wa mizani tunaouogopa. Mazungumzo ya dunia kuhusu uzito wa mimba yametawaliwa na hofu ya kunenepa. Hofu hiyo ina msingi hata kwetu. Utafiti huohuo wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa miaka 20 hadi 49 wamezidi uzito. Lakini makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 kwa nchi za kipato cha chini na cha kati yalionyesha kwamba wastani wa ongezeko la uzito wa mimba katika Afrika kusini mwa Sahara hauzidi kilo 7, chini ya kule kwingine kote. Bara hili lina wanawake wanaoanza mimba wakiwa wazito kuliko mama zao walivyokuwa, na papo hapo lina wanawake wengi wasioongeza vya kutosha.

Kipkelion inaishi pande zote mbili. Reli ya Nakuru kwenda Kisumu inaikata nchi hii kutoka baridi ya Londiani hadi joto la Fort Ternan, na kituo cha katikati, kilichoitwa Lumbwa enzi za ukoloni, ndio mji wenyewe wa Kipkelion. Kuna kahawa, mahindi, ng'ombe wa maziwa, na majani chai unapoelekea Kericho. Mwenye duka anayeketi tangu asubuhi akila mandazi na chai ya sukari, na kibarua anayepanda na kushuka vilima akiwa na kapu mgongoni, wanaweza kuwa wa umri mmoja na mimba ya miezi sawa. Ushauri uleule wa "kula vizuri, mama" hauwafai wote wawili.

Na hata huyo anayeambiwa ale, je, atakula? Hapa ndipo jambo linapokuwa na kina kuliko mabango ya afya yanavyodhani. Mwaka 2017 watafiti Riang'a, Broerse na Nangulu walichapisha uchunguzi juu ya imani za chakula miongoni mwa wajawazito Wakalenjin wa vijijini Uasin Gishu, ambao ni ndugu wa karibu wa Wakipsigis wa Kericho na Bomet kwa lugha na mila. Waliwakuta wanawake wakijizuia kula nyama, viungo vya ndani vya mnyama, mayai, parachichi na vyakula vya mafuta. Sababu moja iliyojirudia ni woga wa mtoto kuwa mkubwa tumboni na kuzaliwa kwa shida. Mboga za kienyeji, kwa upande mwingine, zilisifiwa.

Sioni ujinga katika woga huo. Kwa vizazi vingi mtoto aliyekwama njiani alimaanisha kifo cha mmoja au cha wote wawili, na chumba cha upasuaji kilikuwa mbali kuliko uwezo wa mtu kubebwa usiku wa mvua za masika. Mama mkwe anayemwambia mkaza mwana apunguze mayai anampenda, na anajaribu kumwokoa kwa maarifa aliyonayo. Muuguzi anayemwambia aongeze mayai anampenda pia. Msichana aliye katikati yao huitikia ndiyo kliniki na huitikia ndiyo nyumbani, kisha anabaki na wasiwasi wake peke yake: akila, anamhatarisha mtoto, asipokula, anamhatarisha mtoto. Kilo zake zikisimama palepale kwa wiki sita, kadi itasema hali vya kutosha. Haitasema kwamba anaogopa kufa.

Kazi nayo ina yake. Mchumaji wa majani chai hulipwa kwa kilo, hivyo siku anayopumzika ni siku asiyokula. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, ila kibarua wa siku au wa msimu huisikia redioni tu. Akifichua mimba mapema, huogopa kunyimwa kazi. Akiificha, hubeba mizigo ileile. Februari 2023 uchunguzi wa BBC ulifichua wanawake wa mashamba ya chai ya Kericho waliokuwa wakitakwa kingono na wasimamizi ili wapate au wasipoteze kazi. Huwezi kuandika juu ya utulivu wa akili ya mjamzito wa nchi hii ya chai ukaliruka jambo hilo, kwa sababu mimba nyingine zimeanzia huko.

Ndipo tunafika kwenye moyo. Uchambuzi ulioongozwa na Jane Fisher na kuchapishwa mwaka 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani ulikadiria kwamba katika nchi maskini na zile za kipato cha chini cha kati, karibu mwanamke 1 kati ya 6 hupata sonona au wasiwasi mkali akiwa mjamzito, na 1 kati ya 5 baada ya kujifungua. Kwa wasichana wadogo hali ni nzito zaidi: utafiti uliofanyika katika zahanati ya Kangemi, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2018, uliwakuta karibu theluthi moja ya wajawazito wa miaka 15 hadi 18 wakiwa na dalili kali za sonona. Misukosuko ya maisha na kukosa wa kuwashika mkono ni miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na dalili hizo.

Sonona hugusa uzito kwa njia zinazopingana, na hilo ndilo linaloifanya mizani kuwa shahidi dhaifu. Mmoja hupoteza hamu ya chakula, akakonda. Mwingine hula bila njaa, hasa vitu vitamu na vya wanga, kwa sababu ndivyo vinavyomtuliza kwa muda. Homoni za msongo zikikaa juu siku baada ya siku huvuruga usingizi na sukari ya damu. Asiye na nguvu za kuamka hasahau chakula tu. Husahau vidonge na tarehe ya kliniki. Na dalili zenyewe hujificha vizuri ndani ya ujauzito, maana uchovu, usingizi mbaya, kulia ovyo na kukosa hamu ya kula ni mambo ambayo kila shangazi atakuambia ni ya kawaida ya mimba. Mama hasemi kwamba ana sonona. Husema ana mawazo mengi, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio. Hupewa panadol.

Kuna pia macho ya watu. Katika ziara ya kwanza mjamzito hupimwa virusi vya Ukimwi, na wapo wanaoupokea ujumbe mzito na siku hiyohiyo wakaanza kuuficha. Kijijini mjamzito anayekonda hushukiwa, na anayenawiri husifiwa kuwa mume wake anamtunza. Kwa hiyo wapo wanaovaa leso mbili ili wasionekane wamepungua, na wapo wanaokula kuwaziba watu midomo. Ni mwili wa mtu mmoja, na kila mtu anausoma kwa faida yake.

Sasa hayo mafunzo ya kutuliza akili, yaitwayo uzingativu. Katika umbo lake la kitabibu yalianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wa maumivu sugu, akiyachota kutoka tafakuri za Kibudha na kuacha nje ibada zake. Mtu huketi, hufuata pumzi yake, huona wazo likija na kuondoka bila kupigana nalo wala kulikimbia. Kwa upande wa chakula hujifunza kula polepole, akisikiliza kama anachokihisi ni njaa au ni huzuni. Hakuna kifaa, hakuna dawa, na gharama yake ni muda wa mwalimu. Si ajabu wengi walitumaini yangezuia wajawazito kunenepa kupita kiasi.

Tumaini hilo lilijaribiwa. Huko San Francisco, kundi la watafiti lililoongozwa na Elissa Epel wa Chuo Kikuu cha California liliwafundisha wajawazito wa kipato cha chini, waliokuwa wamezidi uzito, kwa wiki 8, wakikutana katika vikundi: pumzi, kula kwa makini, mwendo wa mwili. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Kwenye uzito, hawakutofautiana na wenzao wasiofundishwa. Lakini msongo na dalili za sonona zilipungua, na miili yao iliimudu sukari vizuri zaidi. Walipofuatwa hadi miaka 8 baadaye, nafuu ya sonona ilikuwa bado ipo. Wanawake hao hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo ushahidi huo una mipaka yake, ila unalingana na mwingine ulio imara zaidi kutoka Pakistan. Huko, katika vijiji vya Rawalpindi, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wasio na shahada yoyote, kuwatembelea wajawazito wenye sonona na kuzungumza nao kwa mpangilio. Walitaka hasa kuona kama watoto watakua vizuri zaidi kwa uzito na urefu. Mwaka 2008 walitangaza kwamba watoto wa pande zote mbili hawakutofautiana kwa kilo wala kwa kimo. Lakini miezi 6 baada ya kujifungua, mama waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, dhidi ya asilimia 53 ya wale wasiopata mafunzo hayo. Watoto wao waliharisha mara chache, na walichanjwa zaidi.

Majaribio mawili, mabara mawili, na mizani haikutikisika. Mhasibu wa afya angeyaandika yote mawili kuwa yameshindwa. Mimi nayasoma kinyume: yalishindwa kwa kipimo kisicho chake. Mama aliyetoka katika giza la sonona amepona hata kama namba kwenye kadi ni ileile. Isitoshe, hata lishe na mazoezi, ambavyo ndivyo dawa halisi ya uzito, havifanyi miujiza: majaribio ya wanawake zaidi ya 12,500 yaliyounganishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba vilipunguza ongezeko la mimba kwa wastani wa gramu 700 tu, ingawa hata hizo ziliambatana na upungufu wa upasuaji. Kwa hiyo anayetaka kuleta mafunzo ya pumzi Kericho ayalete kwa jina lake, yaani huduma ya moyo. Akiyauza kama dawa ya unene, mama watayajaribu, watajipima, hawataona tofauti, watayatupa pamoja na nafuu iliyokuwamo.

Yatapokelewa? Kwa sehemu. Waumini wengi wa nchi hii, wa African Gospel Church na wa Kanisa Katoliki, watauliza kama tafakuri hiyo ni dini nyingine, na ni haki yao kujibiwa waziwazi. Ila kuketi kimya, kupumua taratibu na kuutua mzigo wa mawazo si vigeni kwa mtu aliyezoea sala ya alfajiri. Pumzi hiyohiyo ndiyo mkunga atakayomwelekeza siku ya uchungu. Mahali ninapokataa katakata ni pale zoezi hili linapopewa mwanamke anayepigwa, au mwenye njaa, au aliyetishwa na msimamizi wake, kana kwamba tatizo ni namna anavyofikiri. Huyo anahitaji ulinzi, unga na mshahara kwanza.

Chombo cha kubebea huduma hii tayari kipo, nacho ni chama cha kina mama. Huko Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, kuwafundisha nyanya kusikiliza watu wakiwa wameketi kwenye benchi la nje ya zahanati. Benchi hilo limefika hadi Zanzibar. Karibu zaidi nasi, magharibi mwa Kenya, mpango wa Chamas for Change ulio chini ya ushirika wa huduma za afya wa AMPATH uliwakusanya wajawazito katika vikundi vinavyoongozwa na wahudumu wa jamii, vyenye mafunzo ya afya, mazungumzo ya maisha na akiba ya fedha kwa pamoja. Ulipopimwa Trans Nzoia, wanachama wake walijifungulia hospitalini zaidi ya wasio wanachama. Akiba si pambo hapo. Katika nyumba ambamo bonasi ya majani chai huingia kwenye akaunti ya mume, mama mwenye fedha zake za bodaboda usiku wa uchungu ana wasiwasi mmoja pungufu. Waume nao waitwe, si kwa mhadhara wa kliniki bali kwenye mkutano wa kokwet, baraza la majirani, ambako tayari huzungumza mambo ya mipaka na barabara.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii nchini, kila mmoja na mkoba wenye mizani, kipimo cha presha na kipimo cha sukari. Wanajua nyumba. Wanaweza kuona mama asiyetoka nje kwa siku nyingi, na wanaweza kukaa naye jikoni. Ndio wanaoweza kumkuta mama mkwe pia, wakasema mbele ya wote wawili kwamba mahitaji ya ziada ya mimba ni madogo kuliko watu wanavyodhani, kilokalori 340 hivi kwa siku katikati ya mimba na 450 mwishoni: kikombe kikubwa cha uji wa wimbi wenye maziwa, yai la kuchemsha na nusu parachichi, juu ya ugali, mboga za managu na maziwa ya mursik ya kila siku. Kula kwa watu wawili hakuna. Kujinyima ili mtoto azaliwe mdogo nako hakusaidii, kwa kuwa mama mwenye upungufu wa damu ndiye anayeingia chumba cha uzazi akiwa hatarini. Na waseme kwa uzito wote kwamba kilo zinazopanda ghafla kwa siku chache, uso na mikono ikivimba, kichwa kikiuma na macho yakiona giza, ni dalili ya kifafa cha mimba, na safari ya hospitali ni saa hiyohiyo.

Kinachokosekana mkobani ni maswali ya kuitambua sonona. Yapo yaliyojaribiwa duniani kote, kama yale 10 ya Edinburgh yaliyotungwa mwaka 1987, yanayouliza juu ya siku 7 zilizopita na kuchukua dakika chache. Yanahitaji kuulizwa kwa Kipsigis kwa wasiokimudu Kiswahili, pembeni, mume asipokuwepo. Swali la 10 linauliza kama mama amefikiria kujidhuru katika siku hizo. Kaunti ikiamua kuyaingiza kliniki, iamue siku hiyohiyo nani atapigiwa simu mama wa Fort Ternan akijibu ndiyo saa nne asubuhi, atamfikia kwa gari gani, na nani atakayelipa. Madaktari wa akili ni wachache na wengi wako Nairobi, kwa hiyo jibu itabidi liwe muuguzi aliyefunzwa, anayejulikana kwa jina na kila zahanati, na mwenye muda uliotengwa kwa kazi hiyo. Bila mtu huyo, swali lisiulizwe bado; akipatikana, liulizwe kila ziara, kabla mama hajapanda mizani.